Darubini ya bunduki: Mjue mnyama kwanza, ijue na sheria

Mkulima wa Koboko hufanya kazi mara mbili. Mara ya kwanza hulima na kupanda, mara ya pili hulinda alichopanda. Karanga zikianza kukomaa, tumbili hushuka alfajiri kutoka kwenye miti ya kando ya mto, kabla watoto hawajaamka kwenda shule. Mahindi yakibeba, nyani nao hufika. Usiku nguruwe-mwitu hufukua mihogo. Kuku waliolala nje hupotea mmoja mmoja, na lawama zote humwangukia bweha.

Kwa hiyo si ajabu kwamba swali la darubini ya bunduki limeanza kusikika huku kwetu, kuanzia Kilima cha Arua hadi Oraba. Wapo ndugu zetu waliorudi kutoka Marekani na Kanada, ambako wameona watu wakiwinda koyoti, mnyama wa jamii ya mbwa anayefanana sana na bweha wetu. Wapo vijana waliotazama uwindaji huo kwenye simu. Mkulima anauliza: darubini ipi itanisaidia? Mfanyabiashara anauliza: je, hii ni bidhaa ya kuleta?

Maswali haya mawili yanastahili majibu ya wazi. Anayenunua redio mbovu hupoteza fedha zake tu. Anayekosea katika jambo la bunduki anaweza kupoteza uhuru wake, na jirani yake anaweza kupoteza uhai.

Sheria inasemaje

Tuanze na mnyama mwenyewe. Katika Uganda, wanyama waliotangazwa kuwa waharibifu ni watatu: tumbili, nyani na nguruwe-mwitu. Kazi ya kuwadhibiti iko mikononi mwa serikali za wilaya, kwa msaada na maelekezo ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Bweha hayumo katika hao watatu. Kicheche hayumo, na fungo hayumo. Ukimpiga bweha risasi bila kibali, hata kama ana manyoya ya kuku wako mdomoni, wewe ndiwe mwenye kesi ya kujibu.

Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 ni kali kuliko ile iliyoitangulia. Kwa makosa yanayohusu wanyama walio katika hatari ya kutoweka, adhabu yaweza kufika kifungo cha maisha au faini ya shilingi bilioni 20. Sheria hiyo hiyo ilianzisha utaratibu wa fidia kwa watu waliodhuriwa na baadhi ya wanyama wakubwa kama tembo. Mwenye shamba hana budi kuzijua pande zote mbili.

Kisha kuna bunduki. Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 inamtaka kila mwenye bunduki awe na cheti. Darubini nzuri juu ya bunduki isiyo na cheti haina faida yoyote, ila humfanya mwenye nayo aonekane mtu wa hatari zaidi mbele ya askari.

Sisi wa Nile Magharibi tuna sababu nyingine ya kuwa waangalifu. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, na baada ya mapigano ya mwaka 1980, watu wetu walivuka mpaka kwa wingi kuingia Zaire na Sudan. Bunduki ndiyo iliyotutoa makwetu. Hata baada ya watu kurudi, vikundi vya wapiganaji viliendelea msituni, mpaka mkataba na UNRF II ulipotiwa saini Yumbe tarehe 24 Desemba 2002. Wazee waliotumia miaka kuwashawishi vijana waziweke chini silaha hawawezi kufurahi wakiona mtu anapita njia ya shamba na bunduki yenye darubini, hata kama anasema anakwenda kufukuza tumbili.

Tena hatuna haja ya kwenda mbali kujua risasi inaweza kumaliza nini. Rhino Camp haikupewa jina hilo bure. Hifadhi ya Ajai, ng'ambo hii ya Nile, ilikuwa makao ya vifaru weupe wa kaskazini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamekwisha. Dume wa mwisho wa aina hiyo duniani, aliyeitwa Sudan, alikufa Kenya Machi 2018, wakabaki majike wawili tu. Mtoto wa Arua leo hulijua jina la kifaru kwa kulisoma kwenye ubao wa kituo cha gari.

Namba zilizoandikwa kwenye darubini

Baada ya kusema hayo, tuje kwenye chombo chenyewe. Wapo watu wanaoruhusiwa kukitumia: walinzi wa wilaya wanaodhibiti wanyama waharibifu, na raia wachache wenye cheti cha bunduki pamoja na kibali cha wanyamapori. Na hata asiyetumia, kama ni mfanyabiashara, ni vizuri ajue anachouziwa.

Mwalimu wangu wa sayansi, katika shule ya wakimbizi huko Zaire, hakuwa na maabara. Alijaza maji kwenye chupa nyeupe, akailaza juu ya ukurasa wa kitabu, na herufi zikawa kubwa. "Kioo kilichovimba hukusanya mwanga," alituambia. Darubini yoyote, iwe ya bunduki au ya kushika mkononi, ni chupa ile ile iliyotengenezwa kwa ustadi.

Juu ya darubini utaona namba kama 4x32 au 3-9x40. Namba ya kwanza ni ukuzaji. 4 maana yake mnyama aliye mita 40 ataonekana kana kwamba yuko mita 10. 3-9 maana yake unaweza kuzungusha pete na kupanda kutoka mara 3 hadi mara 9. Namba ya mwisho ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita.

Wengi hudhani kwamba namba ya ukuzaji ikiwa kubwa, darubini ni bora. Sivyo. Gawanya upana wa lenzi kwa ukuzaji, utapata ukubwa wa duara la mwanga linaloingia jichoni. Darubini ya 4x32 hutoa duara la milimita 8. Ile ya 3-9x40 ikiwekwa kwenye 9 hutoa duara la milimita 4.4 tu. Mboni ya jicho la kijana gizani hufunguka hadi kama milimita 7, na ya mzee hufunguka kidogo zaidi ya nusu ya hapo. Mchana tofauti hiyo huioni. Lakini wezi wetu huja alfajiri na magharibi. Saa hizo ile ndogo ya bei nafuu inaweza kukuonyesha tumbili kwenye kivuli cha mwembe, wakati ile kubwa inakuonyesha giza.

Kuna jambo la pili. Ukuzaji ukipanda, eneo unaloliona hupungua. Darubini ya kawaida ikiwa kwenye 3 huonyesha upana wa kama mita 11 kwa umbali wa mita 100. Ikiwekwa kwenye 9 upana huo hushuka hadi mita 4 na kidogo. Sasa fikiria shamba la karanga, mnyama yuko mita 40 na anarukaruka. Kwenye 9 unaona upana wa chini ya mita 2. Utamtafuta mpaka afike kwake, na hutamwona mtoto wa jirani aliyesimama mita 3 pembeni mwa msalaba wa shabaha.

Mbuga za Marekani na mashamba yetu

Hapa ndipo ushauri wa ng'ambo unapotupotosha. Mwindaji wa koyoti katika mbuga za magharibi mwa Marekani hukaa kilimani na kutazama nchi tupu. Anaweza kupiga kwa umbali wa mita 200 au 300, na nyuma ya mnyama hakuna nyumba wala njia. Mtu huyo ana haki ya kutaka darubini inayokuza mara 12 au 18.

Kwetu hakuna nchi tupu ya namna hiyo. Kati ya Arua na Koboko, shamba moja hupakana na lingine, na nyuma ya mihogo kuna njia, na nyuma ya njia kuna kisima. Umbali wa kumwona mnyama mara nyingi ni mita 30 hadi 60. Kwa kazi hiyo darubini ya ukuzaji wa mara 4 usiobadilika inatosha kabisa, au ile inayoanzia mara 2 au 3 na kuachwa kwenye namba ya chini. Ina vipande vichache vya kuharibika, ni nyepesi, na bei yake ni ndogo.

Kuna tofauti nyingine ambayo muuzaji huwa haitaji. Darubini nyingi za bunduki kubwa zimetengenezwa ili shabaha itulie kwa umbali wa kama mita 90 na zaidi. Mnyama akiwa karibu, ukisogeza jicho kidogo, msalaba nao huonekana kuhama juu yake. Darubini za bunduki ndogo ya .22 huwekwa kwa umbali wa kama mita 46, yaani yadi 50. Kwa mnyama mdogo wa shambani, hiyo ya pili ndiyo inayofaa.

Na wale wenye bunduki ya upepo ya springi wasidhani kwamba darubini yoyote itaivumilia. Bunduki hiyo hupiga teke nyuma kisha mbele. Darubini ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake hulegea ndani, hata kama imeandikwa kuwa inafaa kwa risasi kubwa.

Jinsi ya kuipima sokoni

Bidhaa za bandia zimejaa kila soko, na jina lililochapwa kwenye boksi si ushahidi. Hata hivyo, mnunuzi ana vipimo vyake mwenyewe visivyohitaji mtambo.

Kwanza, toka nje ya duka. Ndani ya duka, chini ya taa, kila lenzi inapendeza. Ukiweza, rudi saa kumi na mbili jioni, uelekeze darubini kwenye kivuli cha mti. Kama huwezi kutofautisha majani na tawi, iache hapo hapo.

Pili, ishike mbali na uso kwa urefu wa mkono, uielekeze kwenye anga jeupe, usiielekeze kwenye jua. Utaona kiduara cha mwanga kwenye lenzi ya nyuma. Weka ukuzaji kwenye namba ya juu kabisa, kisha kipime kwa rula. Darubini iliyoandikwa 3-9x40 ikiwa kwenye 9 inapaswa kutoa kiduara cha milimita 4 na nusu hivi. Ukipata milimita 3, ujue namba zilizochapwa pale si za kweli.

Tatu, zungusha pete ya ukuzaji kutoka mwanzo hadi mwisho huku ukitazama kitu kimoja cha mbali. Msalaba usihame kutoka kwenye kitu hicho. Ukihama, na risasi itahama.

Nne, zungusha vifundo vya kurekebisha. Kila hatua iwe na mlio wake, usio legelege. Tikisa darubini karibu na sikio. Kitu kikigongagonga ndani, usilipe. Tazama pia kama kuna ukungu kati ya lenzi. Darubini nzuri hufungwa ikiwa imejazwa gesi ya naitrojeni ili unyevu usiingie. Kwa mvua zetu za Agosti, isiyofungwa vizuri huwa kipofu katika wiki moja.

Kufunga na kulenga

Darubini bora iliyofungwa vibaya haina thamani. Vishikizo vyake viwe vya chuma kizuri, na skrubu zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo. Jicho likae sentimita 8 hadi 10 kutoka kwenye lenzi ya nyuma. Anayelisogeza karibu zaidi, bunduki kubwa humwachia alama ya mwezi mchanga juu ya nyusi.

Kisha inabidi ilinganishwe na bunduki, mahali panaporuhusiwa, penye kichuguu au ukingo wa udongo nyuma ya shabaha. Kwa .22 piga risasi 3 kwa umbali wa mita 50, bunduki ikiwa imeegemezwa. Katika darubini nyingi, mlio mmoja wa kifundo huhamisha shabaha kama milimita 7 kwa mita 100, yaani karibu milimita 3 na nusu kwa mita 50. Kama risasi zimekusanyika sentimita 7 kando ya lengo, utahitaji milio 20 hivi. Usirekebishe kwa risasi moja. Subiri zote 3, upate katikati yake.

Mlinzi wa shamba akumbuke pia kwamba darubini hukaa juu ya mtutu kwa kama sentimita 4. Bunduki iliyolinganishwa kwa mita 50 hupiga karibu sentimita 1 na nusu chini kwa mita 10. Kwa mita 100, risasi ya .22 huwa imeshuka sentimita 15 hadi 20. Kwa mnyama mdogo, tofauti hiyo ni kumkosa, au kumjeruhi akafie kichakani kwa mateso.

Na risasi iliyokosa haifi hapo. Risasi ya .22, ambayo watu huiita ndogo, inaweza kusafiri kilomita 1 na nusu. Kutoka shambani kwako hesabu kilomita 1 na nusu kila upande, uone kuna shule ngapi na visima vingapi. Ndiyo sababu tumbili aliye juu ya mti asipigwe: nyuma yake hakuna udongo, kuna anga tu, na chini ya anga hilo kuna watu.

Asiye na kibali afanye nini

Wasomaji wetu wengi hawana cheti cha bunduki na hawatakuwa nacho. Kwao ushauri ni mmoja: kama una fedha za darubini, nunua ile ya kushika mkononi, yenye macho mawili, ya 8x42 au 7x35. Duara lake la mwanga ni milimita 5, linatosha kwa alfajiri. Kwa chombo hicho mtoto mmoja juu ya kichuguu anaweza kulinda mashamba matatu, akawaona tumbili wakiwa bado kwenye miti ya mto, akapiga kelele kabla hawajaonja karanga. Tumbili aliyeonwa mapema ni rahisi kumfukuza kuliko aliyekwisha kushiba mara moja.

Darubini ya mkononi itakufunulia jambo jingine: mwizi mwenyewe. Bweha hula panya, wadudu, matunda na mizoga. Mkulima anayepoteza mtama kwa panya anaweza kuwa anamlaani mlinzi wake. Mara nyingi kuku huchukuliwa na kicheche, paka-mwitu au kipanga, na kila mmoja ana dawa yake. Banda lililoinuliwa kutoka ardhini, lenye wavu wa matundu madogo na mlango unaofungwa kabla ya giza, huwazuia wote hao bila risasi hata moja. Lakini bweha anayetembea mchana bila woga, anayeyumba au kutoa povu, asikaribiwe. Huenda ana kichaa cha mbwa. Toa taarifa upesi, na aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha akimbizwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Majirani wakipanda kwa wakati mmoja, hasara hugawanyika. Anayepanda peke yake mapema huwalisha nyani wa kijiji kizima. Wanyama wakizidi, njia ni kwenda kwa mwenyekiti wa LC1, naye apeleke habari kwa gombolola hadi wilayani, ili walinzi waje. Andikeni tarehe, idadi ya mashamba na kilichoharibiwa. Barua ya kaya 20 hujibiwa upesi kuliko malalamiko ya mtu mmoja.

Kwa wafanyabiashara wa mpakani

Anayevuka Vurra, Odramacaku au Oraba na darubini za bunduki kwenye mzigo ajue kwamba anapita kati ya nchi tatu zilizoumizwa na silaha. Congo, Sudan Kusini na Uganda kila moja ina sheria yake, na karatasi ya upande mmoja haikulindi upande wa pili. Kabla ya kuagiza, nenda polisi na forodhani ukaulize, upate jibu kwa maandishi. Vyombo vya kuonea usiku viache kabisa. Hakuna mkulima wa karanga anayevihitaji, na askari yeyote atakuuliza unampelekea nani.

Ukitaka biashara yenye usingizi, leta darubini za mkononi, tochi zenye mwanga mkali, wavu wa mabanda na kufuli. Mnunuzi wake yuko kila kijiji, na hakuna kizuizi cha barabarani kitakachokutoa jasho.

Mashamba yetu tuliyakuta vichaka tuliporudi. Tuliyafyeka kwa mikono, na tunayo haki ya kuyalinda. Basi tuyalinde kwa macho kwanza, kwa umoja wa majirani, na kwa sheria. Na yule mmoja katika wilaya aliyepewa bunduki kihalali, awe na darubini ndogo, yenye mwanga, iliyofungwa vizuri, na asikivute kifyatulio mpaka awe amejua ni mnyama gani na nyuma yake kuna nini.